Rauta gani niwape wateja? Mwongozo kwa mtoa intaneti mdogo wa Bukavu

Kila wiki kuna kijana ananiuliza swali lile lile. Ameweka antena juu ya nyumba, amepata wateja kumi na watano, na sasa anataka jina la rauta. Wananiuliza kutoka Goma, wananiuliza kutoka Uvira, na hapa Bukavu wananisimamisha hata sokoni Nyawera nikiwa na mfuko wa samaki wa sambaza mkononi. Nikiwatajia jina, wanaliandika, wananunua ishirini, na baada ya miezi mitatu wanarudi wakiwa na hasira.

Kwa hiyo jina sitalitoa. Modeli niliyoisifu mwaka juzi leo ina ganda lile lile lakini chipu nyingine ndani. Geuza rauta yoyote utazame kibandiko cha chini: v1, v2, v3. Kila namba hiyo inaweza kuwa mashine tofauti kabisa. Ninachokupa hapa ni chujio. Pitisha rauta yoyote humo, uone kinachobaki.

Kipimo changu ni kimoja tu: rauta hii itanipunguzia safari ngapi? Kasi wateja wetu hawaimalizi. Mtu analipia megabiti 10 na rauta ya bei ndogo inazibeba bila kutoka jasho. Kinachokula faida ni motari (dereva wa pikipiki) wa kwenda Panzi na kurudi, mara tatu kwa wiki, kwa mteja mmoja.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Orodha ya wateja: mtaa, aina ya nyumba, kifurushi anacholipia, na kama intaneti inamfikia kwa antena ya juu ya paa au kwa faiba.
- Kompyuta moja ya kuwa seva, hata ya mitumba, yenye RAM ya gigabaiti 4, ikae kwenye kituo chako chenye betri.
- Simu mbili: moja nzuri, na moja ya bei ya chini kuliko zote utakazoona dukani. Hiyo ya pili ndiyo itakayokuambia ukweli.
- Multimeta.
- Sindano. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 4.
- Pesa ya rauta mbili ambazo hutaziuza kamwe. Ni za kuteswa.

Hatua ya 1: Anzia kwenye nyumba, katalogi baadaye

Chukua orodha yako uigawe kwa kuta. Kadutu, nyumba nyingi ni za mbao na mabati, zimebanana. Ndani ya nyumba WiFi inapita bila shida, lakini inapita pia kwa majirani watano, na ya kwao inaingia kwako. Tatizo la huko ni kelele. Muhumba na Nguba ni kinyume: kuta nene za zamani, za matofali au mawe, na rauta moja sebuleni haifiki chumba cha nyuma hata iwe na antena sita. Huko utahitaji kifaa cha pili, kilichounganishwa kwa kebo.

Halafu hesabu simu. Simu nyingi za bei ndogo zinazotembea mjini hapa zinashika masafa ya 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo rauta inayosifiwa kwa 5 GHz huku 2.4 yake ni dhaifu itakuletea malalamiko tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Amua rauta ni mali ya nani

Iwe yako. Mteja aweke dhamana, airudishe akiondoka. Ukimuuzia, ataifungua, atabadilisha, ataipeleka kwa shemeji yake, na ikiharibika bado atakupigia wewe. Iandike kwenye karatasi mnayosaini, pamoja na namba ya kifaa. Na kumbuka vifaa vya mawasiliano hapa nchini vinahitaji homolojasyo, yaani kibali, ya ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo. Mwulize muuzaji karatasi hiyo kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: Chuja kwa usimamizi wa mbali

Hapa ndipo rauta nyingi za dukani zinaanguka.

Neno la kuuliza ni TR-069. Ni lugha ambayo rauta inaongea na seva ya mtoa huduma, na iko tangu 2004. Mdogo wake, TR-369, alikuja 2018. Seva inayoongea nayo inaitwa ACS. GenieACS ni ya bure, na kwa wateja mia moja ile kompyuta yako ya mitumba inatosha.

Usiridhike na neno lililoandikwa kwenye boksi. Washa rauta, ingia kwenye ukurasa wake, tafuta sehemu ya kuandika anwani ya ACS. Kama haipo, irudishe. Kuna makampuni yenye modeli moja kwa maduka na nyingine, karibu sawa kwa macho, kwa watoa huduma. Ya dukani imefungiwa mlango huo. MikroTik inapokea TR-069 kwa kifurushi cha ziada cha programu, na Ubiquiti ina programu yake yenyewe ya kusimamia vifaa vyake. Njia zote ni halali. Ubaya ni kuchanganya tatu kwa wakati mmoja, ukabaki na skrini tatu, na hakuna hata moja inayokuonyesha mji mzima.

Ukiwa umekaa ofisini, lazima uweze kufanya haya:

- kuona rauta imewashwa kwa muda gani;
- kuona kila simu iliyoshikamana nayo inasikika kwa nguvu gani;
- kubadilisha jina la WiFi, neno la siri na chaneli;
- kuiwasha upya na kuibadilishia programu ya ndani.

La kwanza linaonekana dogo, lakini mimi ndilo ninalolitumia kila siku. Mteja anapiga saa tatu usiku: "Papa fundi, WiFi yenu inakatala!" Ninaangalia. Rauta imewashwa dakika nane zilizopita, antena yake vilevile. Ninamwuliza kwa upole: "Mama, kwenu umeme wa SNEL umerudi sasa hivi?" Kimya kidogo, halafu anacheka. Simu imekwisha, hakuna aliyepanda mlima.

Onyo: kampuni ikikuambia usimamizi wote uko kwenye seva zake za ng'ambo, uliza maswali mawili. Nisipolipa mwaka wa pili, rauta zinabaki vipi? Na laini yangu ya kutoka nje ya nchi ikikatika, bado nitaziona za hapa mjini? Mimi seva yangu iko ndani ya mtandao wangu, kwa sababu siku laini ya nje inapokatika ndiyo siku simu zinapolia zaidi.

Hatua ya 4: Jaribio la sindano

Hili sijaliona kwenye mwongozo wa kiwanda chochote, na ningekuwa nimelijua mapema ningeokoa pesa.

Nilikuwa na mteja upande wa Panzi, mama mmoja mwenye watoto wanne. WiFi ikizubaa kidogo, mtoto wa pili alikuwa anachukua kijiti cha meno na kukichomeka kwenye lile tundu dogo la nyuma. Alikuwa ameona kwenye video. Rauta inasahau kila kitu: jina la WiFi, neno la siri, na akaunti ya PPPoE inayomtambulisha kwangu. Hapo hata kuiona kwa mbali siwezi, maana haijui tena kuingia kwenye mtandao wangu. Nilikwenda mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mara ya pili mvua ikinipiga hadi kwenye begi la vifaa. Mara ya tatu nilifunika lile tundu kwa gundi, na mtoto akagundua kwamba ukishikilia kitufe cha WPS (cha kuunganisha simu bila neno la siri) sekunde kumi, modeli ile inafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo: iunganishe rauta ya majaribio, ipange yote, chomeka sindano, subiri dakika kumi bila kuigusa. Imerudi yenyewe, na jina na neno la siri la mteja? Imefaulu. Imebaki na jina la kiwandani? Imeanguka, au mpangilio wako ndio ulioanguka.

Namna ya kufaulu bila kuagiza maelfu ya rauta zenye programu yako:

a) Akaunti ya PPPoE iweke kwenye antena ya juu ya paa. Kijiti cha meno hakifiki huko.

b) Antena iipe rauta anwani kwa DHCP, njia ya kugawa anwani za mtandao bila kuziandika kwa mkono. Rauta karibu zote zikitoka kiwandani ziko tayari kupokea hivyo, kwa hiyo hata ikisahau kila kitu bado inapata intaneti.

c) Kwenye DHCP hiyo, tumia chaguo namba 43 kuitajia rauta anwani ya ACS. Hakikisha mapema kwamba antena yako inaweza kutuma chaguo hilo, na kwamba rauta, ikiwa mpya kabisa, ina TR-069 iliyowashwa na inalisikiliza. Si zote.

d) ACS inaitambua kwa namba yake ya kiwandani na kuirudishia jina na neno la siri la mwenyewe.

Kuna gharama yake. Anwani inabadilishwa mara mbili, kwenye antena na kwenye rauta, na vijana wa michezo ya mtandaoni wakati mwingine watalalamika. Pia seva haiwezi kubisha hodi kwa rauta iliyo nyuma ya antena, inangoja rauta ijitokeze yenyewe. Panga ijitokeze kila sekunde 300. Mimi nimekubali hasara hizo mbili kwa furaha.

Hatua ya 5: Umeme, halafu radi

Bukavu delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, ni jambo la kila siku, na hatari kubwa inakuja umeme unaporudi: unapanda, unashuka, unakatika tena ndani ya dakika moja. Soma adapta. Iwe imeandikwa 100–240V, tena usiamini maandishi. Ipime kwa multimeta rauta ikiwa inafanya kazi. Adapta ya volti 12 inayoshuka hadi 10 rauta ikichemka ndiyo inayoleta yale malalamiko ya "inazungukaka tu."

Kisha tesa rauta yako ya majaribio: zima, washa, zima, washa, mara thelathini, mara nyingine ukizima kabla haijamaliza kuamka. Zipo zinazopoteza kumbukumbu kwa mchezo huo. Ni bora zipotee mezani kwako.

Kuhusu betri ndogo za rauta, piga hesabu kabla ya kumwahidi mteja. Betri imeandikwa 8,800 mAh, lakini namba hiyo ni ya seli za ndani za volti 3.7, siyo ya volti 12. Zidisha: 8.8 × 3.7 ni kama wati-saa 32. Toa kinachopotea njiani, inabaki 27 hivi. Rauta wati 6, antena wati 6. Unapata saa mbili na kidogo, betri ikiwa mpya. Mteja anayeambiwa "inashikilia usiku mzima" atakuita mwongo, na atakuwa na haki.

Na radi. Utafiti wa setilaiti uliotolewa 2016 uliiweka Kabare, hii hii inayotuzunguka, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: mimweko zaidi ya 200 kwa mwaka kwenye kila kilomita moja ya mraba. Hujahitaji utafiti kulijua hilo, umeona rauta zinavyokufa msimu wa mvua. Radi haihitaji kupiga antena yenyewe. Ikipiga karibu, umeme unaingia kwenye kebo ndefu inayoshuka kutoka paani na kuua poti ya WAN, ile inayoingiza intaneti kwenye rauta. Mara nyingi sehemu nyingine zote za rauta zinabaki hai.

Ndiyo maana mimi napendelea rauta inayokubali kubadilisha kazi ya poti, ili poti ya LAN, ile ya vifaa vya ndani ya nyumba, ifanye kazi ya WAN. Rauta nane nimezifufua hivyo msimu mmoja. Nje, tumia kebo yenye ngao ya chuma, na ngao hiyo ishuke ardhini kwa waya wa shaba hadi kwenye fimbo iliyozama. Ngao isiyoshuka ardhini haikusaidii kitu.

Onyo la matundu mawili: kile kiboksi kinacholisha antena kina tundu la PoE (linalopeleka umeme kwa antena kupitia kebo) na tundu la LAN (la kwenda kwenye rauta), na yanafanana kama mapacha. Mteja akihamisha kabati, atayabadilisha. Zile za volti 24 zisizouliza kitu kabla ya kutuma umeme zinaweza kuunguza poti ya rauta. Mke wangu ana chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Tundu la PoE na kichwa cha kebo ya antena ninavipaka zote mbili, na mteja ninamwambia: nyekundu kwa nyekundu. Tangu nianze, sijaunguza tena.

Hatua ya 6: WiFi yenyewe

Fupi tu, maana hapa watu wanasoma kupita kiasi. WiFi 5 yenye masafa mawili inawatosha wateja wengi wa megabiti 10 au 20. WiFi 6 ichukue kama tofauti ya bei ni ndogo. Poti za megabiti 100 zinatosha mpaka utakapoanza kuuza zaidi ya hapo.

Ile "1200" kwenye boksi ni 300 za 2.4 GHz jumlisha 867 za 5 GHz, zote za kinadharia. Hakuna simu itakayoziona.

Kwenye 2.4 GHz funga upana wa 20 MHz na utumie chaneli 1, 6 au 11. Ukiacha 40 MHz pale Kadutu unajinyonga mwenyewe na kumnyonga jirani. Nguvu inayosikika kwenye simu ikiwa -65 dBm au bora, video inakwenda. Ikishuka chini ya -75, usibishane na mteja: hamisha rauta au ongeza kifaa cha pili kwa kebo. Vile virudishi vinavyochomekwa ukutani na kurusha tena WiFi bila kebo, viache. Vingi vinagawa kasi nusu kwa nusu, na lawama inabaki kwako.

Hatua ya 7: Funga milango

Novemba 2016, Ujerumani, rauta za wateja wapatao 900,000 wa kampuni moja zilianguka kwa shambulio lililoingia kupitia poti 7547, ile ile ya TR-069, iliyokuwa wazi kwa dunia nzima. Poti hiyo izuie kwenye rauta yako kuu, kutoka nje isiingie. Kila kifaa kiwe na neno lake la siri la usimamizi, zima WPS, na WiFi ilinde kwa WPA2 au WPA3. Na muulize muuzaji programu ya ndani ilitolewa mara ya mwisho lini. Kama ni miaka mitatu iliyopita, kifaa hicho kimeshakuwa yatima.

Hatua ya 8: Mbili kwanza, halafu ishirini

Weka mbili kwa wiki mbili: moja nyumbani kwako, moja kwa mteja mlalamishi kuliko wote. Ndiyo, huyo. Zikipita, nunua zote kwa mkupuo mmoja, namba ya toleo ile ile, na kwa kila kumi ongeza moja ya akiba. Kagua kila boksi ukiwa bado mbele ya muuzaji. Nimeshawahi kuuziwa kumi na mbili, tano zikiwa v3 zisizo na TR-069, na kufika Bukavu muuzaji alikuwa hashiki simu tena.

Kabla rauta haijatoka ofisini: iingize kwenye ACS, bandika kibandiko chenye jina la WiFi na namba yako ya simu, piga picha ya namba ya kiwandani. Usimwachie fundi afanye hayo kwa mteja, atasahau moja.

Mambo yakiharibika

*Rauta haionekani kwenye ACS, lakini mteja ana intaneti.* Angalia saa ya rauta kwanza. Ikiamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, inaweza kukataa cheti cha seva yako. Ipe anwani ya seva ya saa iliyo ndani ya mtandao wako.

*Jioni pekee inakuwa nzito.* Kama kwenye kebo kasi ni nzuri na kwenye WiFi ni mbaya, ni kelele za majirani: badilisha chaneli, sukuma simu zinazoweza kwenda 5 GHz. Kama hata kwenye kebo ni mbaya, shida ni antena yako au laini yako kuu. Usimuuzie mteja rauta mpya kuficha hilo.

*Inajizima na kuwaka yenyewe.* Adapta, mara nyingi kuliko unavyodhani. Badilisha adapta kabla ya rauta.

*Simu moja inakataa kuingia, nyingine zinaingia.* Umewasha WPA3 peke yake na simu ni ya zamani. Weka WPA2 na WPA3 pamoja.

*WiFi inaonekana, intaneti hakuna, na jana usiku kulikuwa na radi.* Tazama taa ya WAN. Imekufa kabisa? Chomoa kebo ya WAN uichomeke kwenye kompyuta ndogo, si kwenye poti nyingine kwanza, na uhakikishe kwa rangi kwamba unashika kebo ya tundu la LAN la kile kiboksi, siyo ile nyekundu. Kompyuta ikipata anwani, antena iko salama, na poti ya rauta ndiyo iliyokufa: hamishia WAN kwenye poti ya LAN 4, andika kwa kalamu juu ya ganda. Kompyuta isipopata kitu, chukua ngazi.